Pete ya Mfalme Mchawi

Tangu warushiane maneno kwenye sherehe ya ubatizo, Lidwina na wifi yake hawakusemezana. Miezi miwili walipukuchua mahindi kwenye mkeka mmoja pale Maposeni, wakitumiana salamu na maudhi kupitia kwa mama mkwe aliyekaa katikati yao.

"Mama, mwambie wifi asogeze ungo."

"Mama, mwambie mikono anayo," alijibu Lidwina.

Siku moja mama aliuliza kuhusu tamthilia inayoisha Ijumaa. "Hivi yule mfalme mchawi, kwenye pigano la mwisho watamshindaje?"

"Nguvu zake ziko kwenye pete, mama," alisema Lidwina. "Wakikata kile kidole, amekwisha."

Hindi lilikuwa limebaki nusu mkononi mwa wifi yake, na kidole gumba kilisukuma punje ile ile isiyotaka kutoka.

"Mama, mwambie..." alianza. Kisha akageuka. "We Lidwina! Si aliivua pete mtoni akinawa? Na mvua akaizuia kwa mkono mtupu! Ulikuwa unaangalia nini?"

Punje zikaacha kudondoka. Mama akainamia ungo wake kama mtu asiyesikia.

Lidwina alikuwa na jibu. Aliikumbuka vizuri pete ya pili, ile iliyoshonewa ndani ya kilemba cha mfalme. Jibu lilikuwa tayari ulimini.

Akausogeza ungo hadi kwenye magoti ya wifi yake.

"Kumbe," alisema. "Sasa wewe, wifi, unadhani nguvu zake kazificha wapi?"