Pedali ya Cherehani

"Hivi mama, kati ya hao wanaotupasua masikio, wako ni yupi?" jirani aliuliza siku moja, kichwa kimeingia dirishani, kidole kimeziba sikio.

"Wote wangu," mama mshonaji alimjibu, wala mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani.

Walikuwa vijana wanne, ndani ya stoo yake nyuma ya nyumba, katikati ya magunia ya vitambaa. Muziki wao wenyewe waliuita roki mbadala. Jirani aliuita adhabu. Magita walipiga mtu na binamu yake, watu wapole wa kufuata mkumbo. Mwimbaji walimwita Kasuku, kwa jinsi alivyoweza kuiga sauti yoyote. Mpiga ngoma walimwita Nyundo. Huyo ndiye aliyewakusanya, na ndiye aliyetunga nyimbo zote, akizigonga kwanza kwa vidole juu ya meza ya kukatia nguo.

Nyundo alikuwa na adabu zake. Kila jioni alibisha hodi, akavua viatu, akasema shikamoo. Kasuku hakubisha hodi hata siku moja. Aliingia kama upepo, akafunua sufuria, akala amesimama. Siku ya onyesho lao la kwanza alilitungua msumarini koti jeusi la marehemu mume wa mama, akalivaa bila kuomba.

"Linanikaa, eh?"

"Lilikuwa la mtu mwaminifu hilo," mama alimwambia. "Angalia usiliaibishe."

Ngoma kubwa haikuwa na pedali, kwa hiyo mama aliwapa ya cherehani yake mbovu. Nyundo akaifunga kwa waya na mpira wa baiskeli. Ilikuwa na ugonjwa mmoja: ukiikanyaga kwa nguvu inanasa, mpaka uirudishe kwa kisigino. Basi usiku ule ukumbini, katikati ya wimbo mkubwa, kabla tu ya kiitikio, ikanasa. Wenzake wakanyamaza kumsubiri. Ukumbi mzima ukabana pumzi. Ilipoachia, wote wakaangukia kiitikio kwa pamoja, na watu wakapiga mayowe mpaka jirani akasikia nyumbani kwake.

Tangu hapo hawakuitengeneza tena. Watu walikuja kuusikiliza ukimya ule.

Mwenye studio naye akaja. Baadaye akatuma ujumbe waje kurekodi Jumamosi. Kasuku ndiye aliyeupokea, na akamwambia Nyundo ni Jumapili.

Jumapili mama alirudi kutoka ibadani akamkuta Nyundo amekaa kwenye ngazi ya stoo, vijiti vya ngoma mapajani, shati limepigwa pasi.

"Labda wamesahau, mama."

"Hawakusahau, mwanangu."

Nyimbo zilitoka, zote kwa jina la Kasuku. Ngoma alipiga mtu wa kukodi. Redioni Kasuku aliulizwa ule ukimya aliutoa wapi, akajibu kwamba alioteshwa. Akaongeza kwamba yeye hakulelewa na mtu, amejilea mwenyewe mtaani. Mama aliposikia hapo, sindano ilimwingia kidoleni.

Nyundo akawa mpaka rangi wa nyumba za watu. Wimbo ule ukipigwa, hushuka ngazi akaenda kuosha brashi ambazo tayari ni safi.

Mama aliomba uchungu umtoke. Haukutoka. Aliambiwa tangu utotoni kwamba kisasi ni cha Mungu, naye alisadiki. Lakini alijua pia kwamba Mungu akitaka kumpiga mtu hashuki mwenyewe. Hutuma mkono ulio karibu. Kwa hiyo aliuweka mkono wake karibu, akangoja.

Siku ikafika. Kasuku alimpigia simu: kuna kipindi kikubwa, moja kwa moja hewani, aje kueleza bendi ilivyoanza.

"Wewe sema tu habari za stoo na chai. Usizidishe."

"Sitazidisha hata neno moja."

Alikwenda na gauni lake la ibada, kikapu mkononi. Chumba kilikuwa baridi, kuta zimevikwa sponji. Binamu wawili walimwamkia wakitazama viatu vyao. Kasuku alikaa na miwani myeusi na koti lile lile, ambalo sasa vijana wa mji mzima waliliiga.

"Mama mwenye stoo huyo!" mtangazaji alishangilia. "Tuambie, mama. Huu ukimya unaotusisimua sote, wewe ulikuwepo Kasuku alipouota?"

Mama akafungua kikapu, akaweka pedali mezani, waya na mpira bado vimo.

"Ukimya wenyewe ni huu. Ukandamize."

Mtangazaji akaukandamiza. Pedali ikalia, ikanasa. Kimya kikaenda hewani, nchi nzima.

"Aliyekuwa akiikanyaga ni Nyundo, na nyimbo zote ni za Nyundo. Siku ya kurekodi alidanganywa siku. Hawa wawili wapo, waulizeni."

Binamu mkubwa alisogelea kipaza sauti kama mtu anayesogelea moto. "Ni kweli," alisema. "Zote ni zake."

Kasuku alivua miwani. Macho yalikuwa ya mtoto. "Mama, tafadhali. Unaniua."

"Sikuui. Nakurudisha ulikotoka."

Mtangazaji alishusha sauti. "Pole sana, mama. Mwana wa mtu akidhulumiwa, anayeumia ni mzazi. Kwa hiyo Nyundo ndiye mwanao?"

"Nyundo ana mama yake," alijibu. "Wangu ni huyu."

Akamnyooshea Kasuku ukosi wa koti la baba yake, akachukua kikapu, akatoka.