Teke la Baba Queen

Mama Queen alitoka chumbani akichechemea, akawatangazia waliokuwa uani kwamba pampu ya mumewe imeharibika. Ushahidi ulikuwa pajani: damu iliyovilia kwa umbo la kisigino. Aliwaonyesha wanawake tu.

Habari hiyo ilipokelewa kijijini Mkunya kwa uzito unaostahili. Tangu Edmund, yaani Baba Queen, aanguke kutoka kwenye mkorosho, miguu yake haikumtii tena. Haikutembea, ila ilikakamaa kama mipini na kurusha mateke bila ruhusa. Padri aliyekuja kumwombea alipigwa moja katikati ya sala, akamalizia mlangoni.

Ndipo madaktari wa Dar es Salaam wakampachika pampu chini ya ngozi ya tumbo, saizi ya kopo la kiwi ya viatu, inayodondosha dawa kwenye uti wa mgongo kupitia mrija. Miguu ikanyamaza. Mpaka mwezi huu.

"Walisema dawa ikikatika ghafla inaweza kumuua," Mama Queen aliwakumbusha.

Shamte, mtani wao Myao kutoka Chiungutwa, alikuwa ameshafika na jembe.

"Nachimba wapi?"

"Kachimbe choo kwenu," Edmund alijibu kutoka kitandani.

"Baba Queen, huu si wakati wa utani," alisema mkewe. "Unanipiga kila usiku. Hujisikii?"

"Mimi huwa nimelala, Mama Queen."

"Ajabu," alisema Shamte. "Juzi ulipokwenda kwenye kongamano la akina mama nililala naye mimi. Hakunigusa."

"Hata ugonjwa unakukimbia wewe."

Walikodi gari kwenda Masasi. Njia nzima Mama Queen aliikandamiza miguu ya mumewe kwa mikono miwili, kama mtu anayepeleka mbuzi mnadani. Miguu haikufanya lolote. Edmund naye aliangalia nje ya dirisha tu, na mkewe alijua sababu: anaogopa kupasuliwa tena.

"Wakikupasua, nitakuwa hapo hapo mlangoni," alimwambia, machozi yakimlenga.

"Hakuna haja ya kupasuliwa."

"Usijitie ushujaa, Baba Queen."

Hospitalini, Daktari Anastasia aliweka kifaa juu ya tumbo la mgonjwa, akasoma namba. Akakunja goti hili na lile, akagonga kwa nyundo ndogo ya mpira. Akasoma namba tena.

"Pampu ni nzima. Dawa imejaa. Miguu imelegea kama muhogo wa kuchemsha." Akamgeukia Mama Queen. "Mama, mguu huu hauwezi kujirusha wenyewe."

"Sasa ananipiga nani?"

Daktari aliiweka nyundo mezani polepole, akamtazama Edmund, kisha vidole vya miguu yake vilivyokuwa vikijikunja vyenyewe kwa aibu, kisha Edmund tena.

Edmund aligeuza uso ukutani.

"Anakoroma huyu, daktari."