Wingu la Raziki

Katika mji ule uliofunikwa kuba, kila msanii akishakua hupewa anga alichore kwa asubuhi moja. Zamu ya Raziki ilipofika, alimwaga samawati, akapaka dhahabu kidogo, kisha kwa utundu tu akaweka pembeni doa zito la kijivu, lisilofanana na kitu chochote alichowahi kukiona.

Mtaa mzima ulitoka nje kwa vigelegele. "Mwanangu kakua jamani!" mama yake alipiga kelele.

Bibi yake, aliyezaliwa kabla kuba halijajengwa, alitupa jicho juu mara moja, akakimbilia uani kuanua nguo. "Nyie, mbona mmesimama? Zitaloa!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Zitaloa na nini, Bibi?" Raziki aliuliza.

Bibi alikuwa amekinga kiganja, akingoja. Raziki naye, huku bado anacheka, akajikuta amekinga chake.