Sare ya Mwoka Mikate

Bingwa alimsukuma malkia wake hadi katikati ya ubao, akaipiga saa ya mchezo kwa kiganja kizima. Mwoka mikate akamtazama malkia yule kwa muda mrefu, kisha akamla.

Ukumbi ukaguna. Bingwa wa sataranji hatoi malkia bure. Lazima kuna mtego. Kwenye orodha ya viwango yeye alikuwa kileleni, mwoka mikate mkiani kabisa. Mechi hii ya mwisho ilikuwa ya kuamua safari: bingwa akipata hata sare, anaondoka na timu kwenda kucheza ng'ambo mwaka mzima. Akifungwa, nafasi yake anapewa mwingine.

Mtego haukuonekana. Ngome ikaliwa, farasi naye akafuata. Bingwa alikuwa amefura, mishipa imemtoka shingoni.

"Cheza bwana!" alifoka. "Unasubiri uumuke?"

"Haraka haraka haina baraka," alijibu mwoka mikate, unga bado umemganda kwenye kucha.

Mwamuzi akawaonya wote wawili.

Mwishowe bingwa akabaki na mfalme peke yake, amebanwa pembeni. Mwoka mikate alikuwa na malkia na ngome, na ushindi ulikuwa hatua moja tu mbele yake. Kila mtu ukumbini aliuona. Akamwinua malkia, akamtua mraba wa kando.

Mfalme hakushambuliwa na chochote, ila hakuwa na pa kukanyaga. Kwa sheria ya mchezo, hiyo ni sare. Watu wakaangua kicheko. Kosa la mtoto wa juzi! Mpumbavu gani huyu, anapakuliwa na kulishwa, bado anashindwa kumeza?

Aliyeokoka hakucheka. Aliukataa mkono wa mwenzake, akazipangusa kete zote sakafuni, akatoka. "Hasira hasara, bingwa!" mtu akamtania. Mwoka mikate alipotokea koridoni, alidakwa ukosi na kubamizwa ukutani.

"Nimekupa malkia! Nimekupa kila kitu!" Bingwa alizidi kumkaba. "Nilimwahidi mama sitaikataa safari. Sikumwahidi kwamba sitafungwa! Sasa nani atamgeuza kitandani, kaka? Nani?"

"Mimi," alisema mwoka mikate. "Nenda kafungashe, mdogo wangu."