Udongo wa Ng'ambo

Makaburini, wanajeshi walipomaliza kumsifu marehemu, rubani wao mstaafu, mjukuu wake Tabitha alisimulia jinsi babu alivyokuwa akimsuka nywele kila Jumapili. Bibi mmoja mgeni akasogea, akafungua pindo la khanga, akamwaga udongo mwekundu juu ya jeneza.

"Ushirikina gani huu?" Tabitha alifoka.

"Udongo wa kwetu, ng'ambo ya mto, babu yako alikotuangushia mabomu. Ndio uliowafunika wanangu watatu. Mimi wa kumsuka sina."

"Mwongo wewe! Toka!"

Bibi hakubanduka. Tabitha akashuka kaburini, akaukwangua ule udongo kwa kucha. Msuko mmoja ukamwangukia usoni, wa mwisho aliousuka babu. Akainua mikono kuurudisha, akaiona ilivyo myekundu, ikabaki hewani.