Kosa kwenye Fumbo la Kilatini

"Baba hatutambui tena, dada," alisema Fidelis. "Kubali tumtoe hospitali, akafie nyumbani."

Restituta alikunjua fumbo la maneno la jarida la seminari, ambako baba yao alifundisha Kilatini miaka thelathini, akasoma: "'Nilipenda' kwa Kilatini. Herufi tano."

Mzee aliendelea kutazama dari.

Restituta akaandika "amabo", yaani "nitapenda", akijua fika kwamba amekosea, kisha akamwonyesha. Mzee huyu hakuwahi kuvumilia kosa. Hata barua ya posa ya Restituta aliirudisha imesahihishwa kwa wino mwekundu.

"Unamtesa," alinong'ona Fidelis.

"Subiri, mdogo wangu."

Dirisha lilikuwa limefungwa, lakini shuka lilitikisika kidogo juu ya mkono wa mzee. Restituta alizuia pumzi, akaisogeza kalamu karibu na vidole vya mzee.