Mkwe wa Langoni

"Bana Chisanga, una roho ya korosho! Sajini wa watu kamuoa binti yako kwa heshima zote, na mpaka leo hajaonja hata mboga ya kwako!"

"Ni mkwe wangu, si wako. Ukimtamani, zaa binti."

Bana Mutale, yaani mama yake Mutale, aliegemea ua uliotenga nyumba zao. Ugomvi wa asubuhi ulimpendeza kuliko chai, na katika huu alikuwa na haki, au ndivyo alivyoamini.

"Dada yako Felistus yumo gerezani kwa kupika gongo, hiyo kachasu yake. Wenzake wakiingia mwezini wanachana blanketi. Pedi hawapewi, na ukiwapelekea, zinaishia langoni. Mkuu mpya anasema kinachopita ni chakula tu. Na mpekuzi langoni ni nani? Mkweo! Mlishe kuku ashibe, afumbe macho!"

"Nani kakwambia wanachana blanketi?"

"Usinizungushe! Mwanamume anakukimbia kama nyoka. Juzi kakuona sokoni, karuka mtaroni na magwanda yake!"

"Ndiyo adabu. Mkwe ambaye hajakaribishwa kula hamtazami mama mkwe, wala hamgusi."

"Basi mkaribishe! Mwiko huo ni wewe tu wa kuuondoa."

"Siuondoi."

Bana Mutale alikuwa anajaza kifua kwa tusi jingine mzee Kapambwe, mshenga wa ile ndoa, alipokohoa njiani. Nyuma yake alisimama Sajini Chola mwenyewe, amewapa mgongo, uso ameuelekeza kwenye choo cha jirani. Kando yake kulikuwa na kijana mgeni, magwanda mapya yanang'aa.

"Mkweo amekuja kuaga," mzee alisema. "Kesho anahamia shamba la gereza. Lango anamwachia huyu, Musonda."

Bana Chisanga alipindua ndoo, akaketi juu yake.

"Na huyu," aliuliza, "anapekuaje?"

"Mpaka fundo la kitenge, mama!" Musonda alijibu mwenyewe, kidevu juu. "Kwangu haipiti hata sindano."

Bana Chisanga alimpima kwa macho toka juu hadi chini. Kisha akainuka, akajipangusa.

"Mulenga! Kamata jogoo!" alimwita bintiye wa mwisho, mshonaji, ambaye cherehani yake haikuwa imenyamaza tangu alfajiri. "Mkwe, geuka. Mwiko nimeuondoa. Leo unaingia, unakula."

Sajini akageuka polepole. Mwanamume mzima, machozi yakamlengalenga.

Bana Mutale akapiga kigelegele hadi kuku wakatawanyika. Akaruka ua, akamnong'oneza shoga yake kwa ushindi: "Si nilisema? Ungefanya hivi zamani, kina Felistus wangepata pedi!"

"Ningefanya hivi zamani, angenipekua. Kila Jumamosi," Bana Chisanga akamnong'oneza naye, "ananigeuzia mgongo, nami napita na pedi alizoshona Mulenga, za wanawake wote mle ndani, zimenizunguka kiunoni."

Bana Mutale akatazama kiuno cha shoga yake, kisha akamtazama Musonda. Mlangoni Mulenga alikuwa ametokea, jogoo kwapani, jicho kwa yule mgeni.

"Musonda mwanangu," Bana Chisanga aliuliza kwa sauti ya asali, "una mke?"

"Bado, mama."

Kijana alimtazama Mulenga, akasahau kidevu chake. Akapiga hatua kumfuata Sajini ndani, lakini Bana Mutale alikwishamkamata mkono, anamvuta upande wa pili wa ua.

"Huko usiingie wala usile kabisa, mkwe wetu! Mulenga atakuja kukupakulia chakula changu. Njoo kwangu, njoo ule."